Kuamini na Kuuliza: Maswali Yanayojirudia Katika Darasa la Jumamosi

Juu ya kabati la majuzuu, katika chuo chetu hapa Majengo, Mombasa, pana kopo tupu la maziwa ya unga lenye mwanya kifunikoni. Kila Jumamosi baada ya alasiri vijana hutumbukiza humo vikaratasi vya maswali, bila majina. Nimekuwa nikivihifadhi kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba mwandiko hubadilika lakini maswali ni yale yale. Karibu yote yanazunguka jambo moja: katika dini, lipi nilipokee kama lilivyo na lipi niulize?

Haya ndiyo yanayojirudia zaidi. Ni majibu ya maalim wa chuo. Anayetaka fatwa aende kwa wenye kazi hiyo.

## Ya mwanzo

Kuuliza juu ya dini ni dhambi?

La. Katika Kurani neno "wanakuuliza" limekuja zaidi ya mara 10: wanakuuliza juu ya miezi miandamo, juu ya ulevi na kamari, juu ya mayatima, juu ya hedhi, juu ya roho. Walioyauliza hawakufukuzwa, walijibiwa. Na katika Surat An-Nahl, aya ya 43, kuuliza ni amri kabisa: waulizeni wenye ujuzi ikiwa nyinyi hamjui.

Kuna kisa alichokipokea Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, ambacho huwasomea kila mwaka. Mtu alikuwa safarini na wenzake, jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota, asubuhi akawa na janaba, ikampasa kuoga. Akawauliza wenzake: je, naweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji? Wakamwambia hatukuoni na ruhusa, maji si yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Tazama lawama iliangukia nani. Yule maskini alifanya lake, aliuliza. Waliokosea ni waliojibu wasilolijua, wakaona tabu kusema "sijui".

Mbona basi nilichapwa nilipouliza nani aliyemuumba Mungu?

Tuko wengi. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Bakora ya mkwaju ilitundikwa msumarini kando ya ubao, na maalim wangu, ambaye nimeshamsamehe, hakusema neno. Alinyoosha mkono tu akaishusha. Maumivu yaliisha kabla ya magharibi. Swali halikuisha.

Baadaye sana nikakuta kwamba swali hilohilo limetajwa katika hadithi za Bukhari na Muslim: shetani atamjia mmoja wenu amwambie nani kaumba hiki, nani kaumba kile, hadi afike "nani kamuumba Mola wako?" Anayefikwa na hilo aombe hifadhi kwa Mungu na akome. Kwa hiyo swali si geni wala si la utundu, na bakora haimo katika dawa iliyotajwa. Tena lina jibu ambalo mtoto wa miaka tisa analifahamu: "nani kakiumba" huulizwa juu ya chenye mwanzo. Kama kila muumba angekuwa na muumba wake bila kikomo, mpaka leo kisingeumbwa kitu. Dakika mbili zingetosha, na bakora ingebaki msumarini.

Imani ni nini basi, kama si kukubali bila kuuliza?

Mwangalie Nabii Ibrahim katika Surat Al-Baqara, aya ya 260. Anamwomba Mola wake amwonyeshe vipi anavyofufua wafu. Anaulizwa: kwani huamini? Anajibu: naamini, lakini nataka moyo wangu utulie. Hakukemewa. Aliambiwa achukue ndege wanne.

Kwangu mimi hiyo ndiyo picha. Kuamini na kuuliza vilikaa katika kifua kimoja, tena kifua cha mtu aitwaye kipenzi cha Mungu.

Lakini kuna aya inayokataza kuuliza.

Ipo, Surat Al-Maida, aya ya 101: msiulize mambo ambayo mkidhihirishiwa yatawachukiza. Wafasiri wanaiweka katika wakati wa kushuka wahyi, watu walipokuwa wakiuliza ya kujitafutia uzito au ya mzaha, hata mmoja kutaka kujua baba yake ni nani. Mfano mwingine ni wana wa Israili na yule ng'ombe: wameambiwa wachinje ng'ombe, basi, wao wanauliza umri wake, rangi yake, kazi zake, na kila jibu likawazidishia kazi. Muulizaji wa namna hiyo tunamjua. Anajua jibu, hataki tu kuinuka.

## Ya kupokea na ya kuuliza

Kwa nini adhuhuri ni rakaa nne na magharibi tatu?

Sijui, na sijakutana na ajuaye. Kiini cha ibada kiko hapo: mambo mengine hupokewa yalivyo. Sayyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi akaliambia kwamba analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu naye asingelibusu. Sayyidna Ali alisema lau dini ingekuwa kwa rai, chini ya khofu (soksi za ngozi) pangestahili kupakwa maji kuliko juu. Wote wawili walikuwa na akili zilizowaka. Waliona kwamba hapa akili imefika ukingoni, wakasema hivyo waziwazi, hawakubuni sababu.

Kubuni sababu ndiko kunakonikera. Mtoto akiuliza kwa nini tunasujudu, anaambiwa ni kwa ajili ya damu kushuka kichwani. Akikua akasoma sayansi kidogo akaona maelezo hayo hayasimami, anadhani sijida nayo haisimami. Heri angeambiwa: tunasujudu kwa sababu tumeamrishwa, na ukisujudu kwa miaka utajua kitu ambacho mimi siwezi kukuandikia ubaoni.

Na yale yasiyo ibada?

Hayo yana sababu zake, na kuzitafuta ni kazi ya fikihi yenyewe. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, kisha mahakama ikaisimamisha amri hiyo, kopo lilijaa: muguka ni haramu? Neno muguka hutalikuta katika Kurani hata ukeshe. Huna njia ila kuuliza ulevi uliharamishwa kwa nini, kisha utazame kama sababu ile imo katika majani haya: inaondoa akili? inakula posho ya watoto? inamlaza mtu nje ya swala? Ndicho wanachokiita kiasi, yaani kupima jambo jipya kwa lililotangulia. Asiyeruhusu "kwa nini" hawezi kujibu hata swali la kibandani.

Taklidi ni nini, na ni vibaya?

Ni kuifuata kauli ya mwanachuoni bila kuijua dalili yake. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii kwa namna hiyo: tumezaliwa tukakuta baba ananuia vile, anasoma dua ya kunuti katika swala ya alfajiri, nasi tukafuata. Si aibu. Nahodha wa jahazi hamuulizi kila abiria njia, na abiria hamwambii nahodha athibitishe kila nyota. Lakini abiria akiona maji yanaingia, atasema.

Na Imam Shafi mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 820, alikuwa na kauli za kale alipokuwa Iraki na kauli mpya alipofika Misri. Alibadilika na madhehebu yake yanakiri hivyo. Ukimuuliza maalim wako "dalili yake nini?" kwa adabu, umefanya jambo ambalo Imam Shafi angelifurahia.

Babu amesoma maulidi maisha yake yote. Rafiki zangu wanasema ni bidaa, jambo lililozushwa katika dini. Nimfuate nani?

Kwanza ujue kwamba mabishano haya hayakuja na simu. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937, alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, mwaka 1930, na gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Aliandika kwa Kiswahili, ili muuza samaki asome mwenyewe asisubiri kusomewa. Akahoji mila nyingi zilizodhaniwa kuwa ni dini, pamoja na gharama zinazomfilisi mfiwa. Wapo waliomchukia kwa hilo. Baada yake akaja mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, kisha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na upande wa pili wakasimama masharifu na wanafunzi wao, wenye elimu na dalili zao, wakisema kumsifu Mtume si jambo la kuombewa kibali. Wote hao walisoma. Hakuna upande wa wajinga hapa.

Kwa hiyo soma pande zote mbili kabla ya kufungua kinywa. Kisha, nakuomba, usiende kuufungua mjadala kwenye sinia la halua. Kijana mmoja wa darasa langu alimwambia babu yake mbele ya wageni, kahawa iko mkononi, kwamba yote hayo ni ya motoni. Mzee hakumjibu. Aliweka kikombe, akamaliza kisomo, na kwa miezi mitatu hakumpa kijana yule mkono wa Idi wala wa Ijumaa. Kijana alikuja kwangu akitaka nimthibitishie kwamba alikuwa na haki. Nilimuuliza kama aliwahi hata mara moja kumuuliza babu yake kwa nini analia anapofika pale penye kisimamo, watu wanaposimama katika maulidi. Hakuwahi.

Mama amekula Idi, baba bado amefunga. Nani amekosea?

Kila mwaka! Huenda hakuna aliyekosea. Kuna hadithi ya Kuraib: alikuwa Sham (upande wa Syria), mwezi ukaonekana usiku wa Ijumaa, aliporudi Madina akamkuta Ibn Abbas, ambako waliuona usiku wa Jumamosi, naye Ibn Abbas akakataa kufuata mwandamo wa Sham. Wanaosema kila eneo na matlai yake, yaani mwandamo wake, wanashika hapo. Wanaosema ukionekana popote umeonekana kwa wote wanashika amri ya jumla ya kufunga kwa kuuona. Hapa Kenya Kadhi Mkuu hutangaza, na kuna wasiomsubiri.

Ninachojua ni kwamba biriani haina madhehebu. Nyumba moja ya jirani zangu mama hupika siku yake, anamfunikia mumewe sahani hadi kesho yake, na mzee huisifu iliyolala kuliko ya jana.

Naweza kusoma tafsiri ya Kurani peke yangu?

Soma. Tafsiri nzima ya Sheikh Farsy imekuwapo tangu 1969, na aliifanya hasa kwa sababu kabla yake mkononi mwa msomaji wa Kiswahili palikuwa na ile ya mmishonari Godfrey Dale ya 1923 na ya Ahmadiyya ya 1953. Kusoma uelewe ni jambo moja. Kutoa hukumu kwa aya moja uliyoiona saa sita usiku ni jingine (rudi kwenye jibu la taklidi).

## Masheikh, wachungaji na majirani

Nitamjuaje mwalimu wa dini asiyefaa kufuatwa?

Swali hili lilikuwa la nadra. Tangu 2023 haipiti miezi miwili bila kuliona. Mwaka huo, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali na hapa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wamekufa kwa njaa, wakiwamo watoto. Waliambiwa wafunge hadi wafe wakutane na Yesu.

Waislamu wengine walilizungumza kana kwamba ni tatizo la kanisani. Sikukubali. Sisi pia tumezika vijana waliochukuliwa hapahapa mjini na maneno matamu, wakavuka mpaka kwenda kupigana vita vya watu, na mama zao wakaambiwa wasiulize. Ugonjwa ni ule ule: mtu amejiweka kati yako na Mungu, akafanya kumuuliza yeye kuwe sawa na kumkana Mola.

Ninavyowaambia darasani ni hivi. Mwangalie anapoulizwa. Anakasirika? Anakuita mwenye pepo, mnafiki, mtu wa dunia? Anakutaka ukate jamaa zako, utoe mtoto shule, uuze shamba, usiende hospitali? Anayajua yote na hajasema "sijui" hata siku moja? Ondoka. Usisubiri hoja ya kumshinda, kwa sababu huenda ni hodari wa maneno kuliko wewe. Ondoka kwanza, hoja utaitafuta ukiwa nyumbani umekula.

Kumwamini Mungu ni jambo moja. Kumwamini mtu anayesema habari za Mungu ni jambo la pili, na huyo anaulizwa hadi siku anaingia kaburini. Mimi nikiwa wa kwanza.

Rafiki zangu Wakristo wanasema kwao imani haihojiwi. Kweli?

Waulize wenye elimu miongoni mwao, watakuambia vingine. Katika Injili ya Yohana, Tomaso alikataa kusadiki mpaka atie kidole penye kovu za misumari, na hakufukuzwa; alionyeshwa, ingawa alisikia pia kwamba wana heri wasioona wakasadiki. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Na yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko, mlango wa 9, alilia: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Mama mmoja Mkristo, jirani yetu kule Tudor, aliniambia hiyo ndiyo dua yake ya kila asubuhi anapopanda matatu.

Mihadhara ya barabarani, ya Waislamu na Wakristo kubishana, inasaidia?

Kidogo sana. Mle swali hutumika kama jiwe. Anayelirusha hataki jibu, anataka kishindo.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Katiba ya 2010, ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, na inakataza kumlazimisha mtu atende lililo kinyume na imani yake. Mahakama za Kadhi, ibara ya 170, zinashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Hazina kazi ya kupima imani yako. Upande wa pili, kifungu cha 138 cha sheria ya makosa ya jinai kinamgusa anayesema maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kuuliza si kutukana, na tofauti hiyo unaijua kabla ya wakili kukueleza.

## Ya ndani

Nikilala nawaza mambo mabaya juu ya Mungu. Nimekufuru?

Masahaba walimwendea Mtume wakasema: tunakuta nafsini mwetu mambo ambayo mmoja wetu anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyakuta. Wakasema ndiyo. Akasema: hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Hadithi hii iko kwa Muslim. Mwizi haendi kwenye nyumba tupu.

Lakini kama wasiwasi umefika kiasi cha kutawadha mara kumi, kurudia takbira hadi imamu anarukuu, huhitaji fatwa zaidi, unahitaji kuonana na daktari wa akili. Nasema bila kuona haya, maana nimempeleka mtu wangu mwenyewe.

Mimi ni msichana. Maswali yangu siwezi kuyauliza mbele ya wavulana.

Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kopo halijui mwandiko wa nani. Na Jumapili yupo mwalimu mwanamke, ambaye kwa mambo hayo anajua kuliko mimi.

Mdogo wangu amefariki. Kila ninayemuuliza kwa nini, ananiambia usimuulize Mungu.

Ndugu yangu, sina jibu la kwa nini. Wengine watakuletea kisa cha Nabii Musa na Khidhri, namna Khidhri alivyomuua kijana kwa hikima iliyofichika. Ni kisa cha kweli, lakini angalia: Khidhri alielezwa na Mungu, wao hawakuelezwa. Asiyejua hikima asikupe hikima.

Nabii Yakub aliambiwa na wanawe aache kumtaja Yusuf. Akajibu kwamba huzuni yake anaishtakia kwa Mungu. Alilia hadi macho yakawa meupe, na ni Nabii. Basi mshtakie. Hilo si kukufuru.

Tulipomzika mtoto wa dada yangu pale Kikowani, mzee mmoja alikuja matangani, akakaa kwenye mkeka hadi laasiri, hakusema lolote. Alipoinuka aliniachia sukari kilo mbili. Wengi walisema maneno mazuri siku ile. Simkumbuki hata mmoja wao.

Nimeacha kuamini. Nimwambie mama?

Kikaratasi hiki kimekuja mara nne, kwa miandiko minne. Sitakudanganya: mitaani kwetu jambo hili lina gharama, kuanzia chakula hadi mahali pa kulala. Usilitangaze kwa hasira siku mmegombana kwa jambo jingine. Tenganisha pia: umeacha kumwamini Mungu, au umechoka na watu wake? Wengi wakikaa nami kwa saa nzima inageuka kuwa la pili. Wachache inabaki la kwanza, na hao siwatoi darasani. Hapana kulazimishana katika dini, ndivyo ilivyoandikwa, na mimi siwezi kuifuta.

Swali langu halimo humu.

Liandike ulitie koponi kabla ya Jumamosi. Usiandike jina. Andika kwa herufi zinazosomeka, tafadhali: mwezi uliopita nilitumia nusu saa nzima kueleza adhabu za kaburi, watoto wa safu ya mbele wameshaanza kulia, kumbe aliyeuliza ameandika "kiburi".